Mihuri Kumi na Mmoja

Kila jioni ya majira ya baridi Haewon alikuwa na kazi tatu: kuleta kuni, kuosha mchele, na kuchota kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, katika mtungi uliofukiwa nyuma ya nyumba. Hiyo ya tatu aliichukia, maana vidole viliganda hadi akashindwa kushika kijiko. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na babu yake, Simoni, mfinyanzi wa mwisho katika kijiji cha Dokgol, kwa kuwa wazazi wake walifanya kazi mjini Daejeon na kuja mara moja kwa mwezi.

Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, yalipoanza, kazi zikawa nne. Sista Klara, mwalimu wa watoto parokiani, aligawa kadi zenye visanduku ishirini na kimoja, kisanduku kimoja kwa kila siku.

"Kila jioni mtakaa kimya dakika kumi mbele ya mshumaa," aliwaambia. "Hakuna kuomba zawadi, hakuna kuimba, hakuna simu. Unamngoja Bwana, basi. Ukimaliza, unapigiwa muhuri wa mtu mzima wa nyumbani. Jumapili ya nne mniletee kadi."

"Sista, nikisinzia je?" akauliza Seola, rafiki wa Haewon. Wenzake wakaangua kicheko, kwani Seola alishawahi kukoroma katikati ya mahubiri.

"Ukisinzia, kisanduku kinabaki kitupu. Atakayejaza vyote ndiye atakayembeba Mtoto Yesu hadi horini mkesha wa Krismasi."

Hapo kicheko kikakatika. Mtoto Yesu wa Dokgol hakununuliwa dukani. Alifinyangwa kwa udongo uleule wa mitungi, zamani Wakristo walipojificha milimani wakiishi kwa kuuza vyungu. Enzi hizo sala yenye sauti ilikuwa hatari, kwa hiyo walisali midomo imefungwa huku mikono ikizungusha udongo. Waliokamatwa waliambiwa watamke neno moja tu la kumkana Bwana, waende zao. Wengi walikataa, na mababu wa Haewon walikuwa miongoni mwao.

Siku kumi za kwanza Haewon alikaa kweli. Babu alikaa naye sakafuni, mshumaa kati yao. Haewon alihesabu nyufa za ukuta, akajikuna, akawaza chakula. Dakika kumi zikiisha, babu alitoa muhuri wake wa mbao kwenye droo, akauchovya katika wino mwekundu na kuugandamiza taratibu. Jina lake likatokea jekundu, limekolea.

"Babu, mbona mimi sisikii kitu?"

"Nani kakwambia utasikia? Unangoja mgeni. Kazi yako ni kuwepo akija."

Siku ya kumi na moja babu akawasha tanuri. Moto wa mitungi hauachwi peke yake, kwa hiyo alihamia kule na blanketi lake, hatua mia moja kutoka nyumbani, na Haewon akawa anampelekea chakula.

"Muhuri uko kwenye droo," babu alimwambia. "Ukikaa, piga. Ukishindwa, acha. Nakuamini."

Jioni ile simu ikalia. Binamu yake wa Daejeon alimwita wacheze gemu. Kesho nitakaa dakika ishirini, Haewon akajiambia. Lakini kesho ikazaa kesho nyingine. Kila alipopeleka chakula aliogopa kuulizwa kama amekaa, na babu hakuuliza hata mara moja.

Jumamosi alasiri, babu akiwa bado anaziba mlango wa tanuri, Haewon alitazama kadi yake. Visanduku kumi na kimoja vilikuwa vitupu. Alifungua droo. Akauchovya muhuri, akapiga, akapiga tena, ukififia akauchovya upya. Siku kumi na moja za kungoja zilikwisha kabla maji ya wali hayajachemka.

Jumapili watoto wakatoa kadi zao. Ya Seola ilikuwa na visanduku vitatu vitupu.

"Mara mbili nilisinzia," alisema akiuma midomo, "na mara moja nilisahau."

"Seola wa usingizi!" wenzake wakamtania.

Kadi iliyojaa ilikuwa moja tu. Sista Klara alimpa Haewon mkono mbele ya wote, na Haewon akacheka kwa aibu iliyofanana na unyenyekevu.

Baada ya Misa watu walikula tambi za moto ukumbini. Jirani yao, Mama Lusia, alikuja na bakuli lake na sauti yake kubwa. "Simoni! Kumbe unatulelea mtawa, wala husemi! Wangu mimi, simu ikizimika dakika mbili, analia kama kafiwa!"

Babu aliichukua kadi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama. Kisha akaikunja na kuitia katika mfuko wa koti.

"Tambi zinapoa," alisema.

Jioni hiyo babu aliwasha mshumaa kama kawaida, ingawa kadi ilikuwa imekwisha. Haewon akakaa. Mwanzoni kimya kilimchosha tu, sasa kilimtesa. Hakukuwa na gemu wala kelele ya kujifichia. Alipofumba macho aliona jina la babu, jekundu, mara kumi na moja. Alikumbuka wale walioambiwa waseme neno moja tu, wakakataa. Yeye hakuna aliyemtisha, na alikuwa amedanganya mara kumi na moja.

Jumanne walifanya mazoezi kanisani. Sista Klara alimwekea mikononi Mtoto Yesu wa udongo. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na mgongoni palikuwa na alama ya kidole gumba cha yule aliyemfinyanga.

"Mbona unatetemeka? Ni baridi?"

"Ndiyo, Sista," Haewon akajibu, na uongo ukawa wa kumi na mbili.

Seola alivua glavu zake. "Shika. Usije ukatudondoshea Yesu wetu bure." Haewon akazivaa. Zilikuwa na joto la mikono ya Seola, akatamani ardhi impasukie.

Jumatano babu alifungua tanuri. Haewon alimsaidia kupokea mitungi. Babu aligonga kila mmoja kwa kidole na kutega sikio, kisha akatenga mmoja kando.

"Huu una ufa."

"Mbona siuoni, babu?"

"Ufa mwingine hauonekani, unasikika. Ila mtu mwenye kelele hawezi kuusikia." Akaugonga tena, nao ukatoa sauti butu.

Haewon akaweka chini mtungi aliokuwa ameushika. "Babu, sikukaa," alisema, na machozi yakamtoka. "Ulipokuwa huku sikukaa hata siku moja. Nilicheza gemu. Halafu nikapiga mihuri yote Jumamosi."

Babu alijipangusa mikono, akaitoa kadi mfukoni. "Nilijua tangu Jumapili. Tazama. Alama hizi kumi za juu zimekolea sawasawa, kwa sababu kila siku muhuri ulichovywa upya. Hizi zako zinafifia, zinafifia, zinakolea, zinafifia tena. Zimepigwa kwa mkupuo mmoja."

"Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza, ungeniogopa mimi tu. Nilitaka ukae na jambo lako kimya mpaka ulisikie mwenyewe." Akaigusa mihuri ile kwa kidole. "Lakini iliniuma, Haewon. Ule muhuri ni jina langu. Umenisemesha uongo kanisani mara kumi na moja, na mimi nimekula tambi na watu waliouamini."

Haewon angependa kuchapwa kuliko kusikia maneno hayo. Alipiga magoti juu ya majivu, akaomba radhi. Babu akamwinua na kumketisha kando yake, mgongo kwenye ukuta wa tanuri uliokuwa bado na uvuguvugu. Wakakaa. Hakuna aliyesema neno, na safari hii Haewon hakuhesabu nyufa.

"Sasa twende kwa Sista," babu alisema hatimaye. "Utasema mwenyewe. Mimi nitakungoja nje."

Sista Klara alisikiliza mpaka mwisho. "Basi Mtoto atabebwa na nani?"

"Na Seola, Sista. Ana vitatu vitupu, lakini kumi na vinane ni vya kweli."

"Vizuri. Nenda ukamwambie, na umweleze sababu."

Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Seola alimkodolea macho. "Yote kumi na mmoja? Na mimi nililia usiku kucha nikikuonea wivu!" Akamgeuzia mgongo. Kisha akageuka tena, bado amenuna. "Nirudishie glavu zangu, basi. Nitazihitaji."

Mkesha wa Krismasi Seola alipita katikati ya kanisa akiwa amembeba Mtoto, macho makavu kabisa, hana dalili ya usingizi. Mama Lusia akamwinamia Haewon. "We mtoto, si ulikuwa wewe?"

"Nilidanganya kwenye kadi, mama." Masikio yalimwaka moto. Mama Lusia akamshika mkono. Padri akawaomba watu wakae kimya, na kanisa zima likatulia. Haewon bado alikuwa na haya, lakini hakuwa na la kuficha, na kimya kile aliweza kukaa ndani yake.

Asubuhi ya Krismasi babu alimwita mezani. Haewon alikuwa ameshaifuta mihuri ile kumi na mmoja kwa mistari ya kalamu. Babu akaigeuza kadi, akauchovya muhuri wake vizuri, akaugandamiza mara moja nyuma.

"Huu ni wa siku ile ya tanuri," alisema.

"Lakini hatukuwasha hata mshumaa, babu."

"Ulikaa, na ulikaa kwa kweli." Babu akafunika kidau cha wino. "Hori la kanisani lilikaa tupu wiki nne, na hakuna aliyelionea haya. Lingejazwa takataka ili lionekane limejaa, Mtoto angelazwa wapi? Kisanduku kitupu si aibu, mjukuu wangu. Usikijaze uongo, kiache kitupu hivyohivyo, na kesho ukae tena."

Haewon akaupulizia wino ukauke, kisha akaenda kuchota kimchi bila kuambiwa.