Mguu wa Nicholas

Kila asubuhi Nanzala aliamka kabla ya kengele ya nyapara. Alikoroga uji, akawaamsha wanawe, kisha akaenda kuvuna mahindi ya mzungu, nje kidogo ya Eldoret. Mwaka huo wa 1952 nyumba yake ilikuwa kimya. Kifungua mimba wake, Shitanda, alikuwa amekufa wakati wa palizi. Hata hivyo watu waliendelea kumwita Mama Shitanda, na jina hilo lilimchoma moyo.

Shitanda alikuwa mkimbiaji wa shule. Alikimbia peku, kwani mtoto wa kibarua angepata wapi viatu? Funza walimwingia kidoleni. Nanzala aliwatoa kwa mwiba, akapaka tundu mavi ya ng'ombe, kama kambi nzima ya vibarua ilivyofanya. Siku chache baadaye taya la mtoto lilikaza na mgongo ukapinda. Alipelekwa hospitali akiwa hawezi hata kumeza maji, na huko akafa.

Sasa mdogo wake, Nicholas, alikuwa amechaguliwa kukimbia maili moja. Jumamosi moja alirudi akichechemea. Kidole gumba kilikuwa kimefura, kimejaa funza. Nanzala aliwatoa kwa mwiba. Damu ikatoka. Akaenda zizini, akarudi na mavi mkononi.

"Mama, weka hiyo chini!"

Alikuwa Mwalimu Kiprono, aliyewafundisha watoto mbio. Alikuwa amemwona Nicholas akichechemea uwanjani, akamfuata kwa baiskeli.

"Mwalimu, hii ndio dawa yetu. Inakausha kidonda."

"Hiyo ndio iliua Shitanda."

"Hapana! Hospitali ndio iliua yeye! Alienda akipumua, wakanirudishia blanketi!"

Mwalimu hakukasirika. Aliketi chini, palepale mavumbini.

"Mama, ule ugonjwa unaitwa pepopunda. Unakaa kwa mchanga na kwa mavi. Ukiingia kwa kidonda, unakaza taya. Shitanda alifika hospitali kama umeshamshika sana."

Nanzala alitazama mkono wake. "Kwa hivyo ni mimi nilimuua?"

"Hukujua, Mama. Hata mimi nilipakwa hiyo mavi."

Mwalimu akavua kiatu. Vidole viwili havikuwepo. "Funza walikula hivi. Dresa wa shamba letu, yule wa kufunga watu vidonda, aliniosha kila jioni mpaka nikapona, halafu akanikatia viatu vya tairi. Bila yeye singekimbia. Ameshakufa, siwezi kumlipa. Lakini hawa watoto naweza kuwafanyia vile alinifanyia."

Nanzala alitupa mavi. Mwalimu aliagiza maji safi na sabuni, akauosha mguu polepole, akaufunga kwa kitambaa safi.

"Siku nyingine chemsha pini kwanza. Usitumie mwiba, na pini moja isitumiwe na watu wawili. Sasa twende hospitali adungwe sindano ya kuzuia pepopunda. Tusingoje kesho."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nanzala alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. "Na asiporudi?"

"Kuja naye. Usimwache hata kidogo."

Nicholas akapandishwa baiskeli, Mwalimu akasukuma, na Nanzala akafuata nyuma njia nzima. Sindano ikadungwa. Usiku ule na nyingine nyingi, mama alimgusa mtoto taya gizani. Halikukaza.

Mashindano ya mwaka huo yalimpita Nicholas. Nanzala alianza kunyunyiza maji sakafuni na kufagia kila siku, maana funza hupenda vumbi. Aliwaosha wanawe miguu kwa sabuni kila jioni, akawafundisha na majirani. Jumapili baada ya kanisa, Mwalimu alikata viatu vya tairi kwa watoto wa kambi.

Mwaka uliofuata Nicholas alikimbia maili moja, akashika nafasi ya pili. Wanawake wa kambi walipiga vigelegele. Nanzala aliketi nyasini akalia kwa sauti. Mwalimu akamsogelea.

"Mama, mbona unalia? Mtoto amefanya vizuri."

"Nimeona, Mwalimu. Asante. Lakini wangekimbia wawili."