Malkia Aliyeogeshwa

Kila Jumamosi Bibi Magdalena alifua nguo kwa maji ya mfereji uliopita kando ya kihamba chao, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kule Kirua Vunjo. Na kila Jumamosi Kindness, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, aliificha kanga moja ya kahawia chini ya godoro. Ilikuwa kanga ya mama yake, aliyefariki mwezi wa tatu.

"Itaoza hiyo," Bibi alisema.

"Usiifue, Bibi. Bado ina harufu ya mama."

Bibi aliendelea kusugua sweta la shule.

Shuleni, Kindness alipenda sanduku la kioo la Mwalimu Eliufoo kuliko kitu kingine chochote. Ndani yake waliishi mchwa, uzao wa kumbikumbi wawili ambao mwalimu aliwaokota mvua za mwaka juzi. Wanafunzi wa klabu ya sayansi waliwalisha majani makavu kwa zamu, wakijiandaa kuwapeleka kwenye maonyesho mjini Moshi. Malkia alilala karibu na kioo, tumbo limemvimba, watoto wake wamemzunguka. Kindness alimtazama mpaka wenzake wakamtania kwamba ataolewa kichuguuni.

Ijumaa moja alibaki darasani peke yake. Aliwaona mchwa wamemzonga malkia, vinywa vyao vikimgusa mwili mzima, akadhani wanamla. Alifungua sanduku, akamtoa kwa kijiti, akamwogesha kwa maji na povu la sabuni, polepole, kama alivyomwogesha mama siku zake za mwisho kitandani. Kisha akamrudisha, akiamini kwamba akiwa safi hawatamla tena.

Jumatatu malkia alikutwa amekufa pembeni, hana hata mchwa mmoja karibu yake.

"Zamu ya Ijumaa ilikuwa ya nani?" aliuliza Mwalimu Eliufoo.

"Yangu, Mwalimu," alijibu Godlove, aliyekaa dawati moja na Kindness. "Lakini mimi niliwapa majani tu, nikaenda nyumbani."

"Mbona sabuni imekaukia kwenye kioo? Kama huna maelezo, Moshi hutakwenda, na klabu utaiacha."

Godlove alimgeukia Kindness. "Si uliniona nikitoka? Mwambie basi."

Kindness aliinamisha kichwa. "Sikuona."

Godlove alilia mbele ya darasa zima. Kindness alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni ile hakugusa chakula. Bibi alipomuuliza mara ya pili, alimweleza yote huku akilia. Bibi hakumgombeza. Alikwenda mpakani mwa kihamba, akachuma jani la sale, akalifunga fundo kama wanavyofanya Wachagga wanapoomba msamaha.

"Kesho utampa Godlove mbele ya wenzenu," alisema. "Sale halikataliwi. Lakini halibebwi na mtu mwenye uongo mdomoni."

Asubuhi Kindness alisimama mbele ya darasa, jani mkononi, akasema kila kitu. Godlove alilipokea lile jani.

"Ungesema tu jana," alisema. "Nyumbani hawakuniamini."

Mwalimu Eliufoo alisogea kwenye sanduku. "Kindness, hawakuwa wakimla. Walikuwa wakimlamba. Mwili wa malkia una kemikali zake, na kwa mchwa hizo ni harufu yenye habari. Inawaambia kwamba mama yupo na bado anataga, kwa hiyo wamtunze, wala asitokee mwingine wa kutaga. Wewe ulimwosha harufu hiyo, akarudi kwao kama mgeni. Hata sabuni yenyewe ilimdhuru."

Kindness aliikumbuka kanga, akalia kwa uchungu. Yeye aliyemkataza Bibi kufua, ndiye aliyemwosha mama wa wengine.

"Watapata malkia mwingine, Mwalimu?"

"Kuna mchwa wanaoweza kumkuza mwingine harufu ile ikikosekana. Hawa sijui, tutawaangalia. Kosa la kwanza ulilifanya kwa huruma, na kwa hilo sitakuadhibu. La pili ulimtwisha mwenzako mzigo wako, na hilo ndilo baya. Malkia hatuwezi kumrudisha. Jina zuri la Godlove tumelirudisha leo, kwa sababu umesema kweli. Moshi atakwenda yeye. Wewe utabaki kuwatunza waliobaki."

"Ndiyo, Mwalimu."

Jumamosi Bibi aliteka maji kama kawaida. Hakuuliza habari za kanga. Kindness aliileta mwenyewe, akajifunika nayo uso, akavuta pumzi mara mbili. Aliipata harufu ya godoro na ya vumbi, basi.

"Bibi," alisema, "hainukii tena. Tangu mwezi wa sita hainukii."

"Najua, mjukuu wangu. Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe." Bibi alimsogeza karibu, machozi yakimtiririka yeye pia. "Kweli inauma, lakini ukiisema unapata mtu wa kulia naye. Haya, shika upande huo."

Waliifua pamoja, wakaianika juani.