Nyumba ya Jumapili

Duka la fotokopi lililo mkabala na lango la soko lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mashine moja imekwama karatasi, ya pili inatoa nakala zenye mistari myeusi, na kila mtu anataka ahudumiwe wa kwanza. Katikati ya vurugu hiyo alisimama dalali wa nyumba ambaye mji mzima ulimwita Bi Funguo: gauni la bluu lililombana kiunoni, miwani ya jua kichwani, na kishada cha funguo kikilia mkononi kila alipohema kwa kuchoka kusubiri. Mtu wa mbele yake akageuka.

"Samahani dada, una kalamu?"

Alikuwa sajini wa jeshi, kombati zimepigwa pasi zikanyooka, buti zinang'aa, barua mkononi. Bi Funguo alimtambua kabla hajamaliza kusema. Moyo ukamlipuka paa, na msidhani ni kwa furaha. Miaka sita alikuwa akimwombea mtu huyu mabaya, na leo mabaya yamepata mahali pa kuanzia.

"Ni wewe?" Sajini alichanua uso mzima. "Jamani! Unajua nimekutafuta—"

"Kalamu hii hapa. Ukimaliza uirudishe, maana wengine wana tabia ya kuondoka na vitu vya watu."

Foleni nzima ikacheka. Sajini akacheka nao, maskini, hakujua anachochekea.

Niwaambie kilichotokea, mumwelewe huyu dada. Miaka sita nyuma walipendana miezi minane, mapenzi ya kushikana mikono barabarani bila kuona haya. Sajini, wakati ule koplo, akaahidi kwenda Jumamosi kujitambulisha kwa shangazi yake. Shangazi akapika, akaita wajomba, akaazima viti kwa jirani. Binti akavaa gauni jipya la manjano, akakaa nalo tangu saa sita mpaka chakula kikapoa na wajomba wakaanza kuangaliana. Koplo hakutokea. Simu imezimwa. Hakutokea kesho yake, wala wiki iliyofuata. Shangazi hakumsema, akawa anamwangalia tu kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuua. Wiki ya tatu alitoa laini kwenye simu, akaivunja vipande viwili, akavitupa chooni, akahama chumba. Kuanzia siku hiyo akakaza roho.

"Nikueleze ilivyokuwa," Sajini alisema walipotoka dukani.

"Ya kale tuyazike. Barua yako inasemaje?"

Barua ilikuwa ya uhamisho. Nyumba za kambini zimejaa, kwa hiyo apange uraiani. Jeshi limempa posho ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, nayo si ya kutambia. Nyumba lazima iwe karibu, kwa sababu king'ora kikilia anatakiwa awe getini ndani ya nusu saa, kwa miguu. Na ana ruhusa ya siku tatu tu.

"Familia inakuja Jumatatu," alimalizia.

Familia! Neno hilo lilimchoma Bi Funguo kama sindano. Kila dalali anayejua kazi huuliza swali moja kabla ya kugusa funguo: mko wangapi, ni akina nani, kuna mzee au mgonjwa? Bi Funguo alikuwa hajawahi kuliacha swali hilo kwa mteja yeyote. Siku hiyo aliliacha. Hakutaka kulisikia neno "mke" likitoka kwenye kinywa kile.

"Usijali," alisema kwa sauti tamu. "Nitakutafutia ya kukufaa kabisa."

Alikuwa na nyumba nne zinazolingana na posho hiyo. Tatu zilikuwa nzuri. Ya nne ilikuwa imekimbiza wapangaji watatu kwa mwaka mmoja, kwa sababu nyuma ya ukuta wake kulikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Msumeno ulilia Jumatatu hadi Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni, na unga wa mbao ulipenya mpaka kwenye kijiko cha chai. Jumapili tu ndiyo kiwanda kilifungwa.

Jumamosi jioni simu ikaita.

"Haloo, mteja wangu."

"Usiniite mteja bwana. Zamani uliniita Asali."

"Asali imepanda bei, huiwezi kwa posho ya jeshi."

"Nipe kwa mkopo basi, mpenzi."

"Kwanza tuone kama unalipa madeni ya zamani. Kesho saa nne. Usichelewe, najua una ugonjwa wa kutokutokea."

"Hilo ndilo ninalotaka tuongee—"

Akamkatia simu. Halafu akakaa kitandani akitabasamu, na mara akajikuta analia, akajikasirikia kwa kulia.

Jumapili alfajiri alikwenda kule na ndoo na kitambaa, akafuta unga wa mbao kwenye kila dirisha kwa mikono yake mwenyewe. Saa nne kamili Sajini akafika na shati jeupe la mikono mifupi. Akaikagua nyumba kijeshi: akafungua bomba, akagonga kuta, akapanda kiti kuangalia dari. Akatembea mpaka getini kambini na kurudi, saa mkononi.

"Dakika kumi na tisa! Mbona pametulia hivi?"

"Mtaa wa watu wastaarabu."

"Na hilo jengo la nyuma?"

"Ghala."

"Bei poa namna hii, nyumba haina jini kweli?"

"Jini ni mimi," alisema Bi Funguo, na wote wawili wakacheka. Kicheko kile kilikaribia kumponza. Mwanamume alikuwa amesimama karibu, ananukia sabuni, anamtazama kama zamani. Kidogo amwambie ukweli. Lakini akamkumbuka shangazi akirudisha viti kwa jirani, kimoja kimoja. Akatoa mkataba, na Sajini akatia saini.

Jumatano aliamua kwenda kufaidi. Ndiyo, kufaidi! Akasuka nywele upya, akavaa gauni jekundu na viatu vya kisigino, akapaka rangi ya mdomo. Alitaka huyo mke amwone amependeza, huku mke mwenyewe ana vumbi kichwani na macho mekundu. Alianza kuusikia msumeno tangu kona ya barabara, na kwa kila hatua moyo ulimcheza kwa raha.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani hakumkuta mke. Alimkuta mama mtu mzima ameinama kwenye kigoda, mtandio uliolowa maji puani, kifua kinapiga filimbi kwa pumu. Msichana wa miaka minane hivi alikuwa anampepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Bibi, pumua polepole," mtoto alikuwa akisema. "Pumua, bibi."

Bi Funguo alisahau visigino. Alimbeba yule mama, wakasaidiana na mtoto mpaka barabarani, wakapanda teksi hadi zahanati. Saa nzima alikaa amemshikilia mkono huku dawa ya mvuke ikimwingia. Sajini alikuja mbio kutoka kambini, jasho linamtiririka.

"Mke wako yuko wapi?" Bi Funguo alimvaa. "Mgonjwa unamwachia mtoto?"

"Mke gani? Huyu ni mama yangu. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Hiyo ndiyo familia yangu, sina nyingine."

Yule mama akaondoa kifaa cha mvuke mdomoni. Akamtazama Bi Funguo kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Kumbe ndiye huyu," alisema kwa tabu. "Yule wa laini."

"Laini gani, mama?"

"Walipakiwa kwenye malori alfajiri ya Jumamosi, binti yangu, hawakuambiwa hata wanakwenda wapi. Simu zikakusanywa getini. Mpakani miezi kumi. Aliporudishiwa simu alikupigia, akapokea mwanamume. Fundi majokofu wa mji mwingine huko, kauziwa namba yako. Mwanangu hakuamini, akapiga mwezi mzima. Na mimi nikawa nampigia fundi huyo, kumwuliza kama labda anakufahamu. Mpaka leo fundi yule tunajuliana hali sikukuu. Mwanangu akaja kwenye chumba chako, akakuta wapangaji wengine; kwa shangazi yako alikuwa hapajui."

Bi Funguo aliona ukuta wa zahanati unazunguka. Laini aliivunja yeye. Chumba alikihama yeye.

"Mwanajeshi anatafuta adui porini," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilikushinda mjini?"

"Ulinishinda," Sajini alijibu. "Nilipaswa kuendelea, nikakata tamaa. Hilo ni kosa langu. Sasa niambie na wewe. Ile nyumba, ulijua?"

Angeweza kudanganya. Udalali ni mdomo.

"Nilijua. Hata madirisha niliyafuta mimi, usione unga. Nilidhani unaleta mke, nikataka mteseke."

Uso wa Sajini ukajifunga. Hakupiga kelele, heri angepiga.

"Mimi ungenitesa, ningeelewa. Umemkaba mama yangu."

Bi Funguo alitoka nje akampigia mwenye nyumba kuomba mkataba uvunjwe. Mwenye nyumba akacheka. "Kifungu cha tisa, hauvunjwi kabla ya miezi sita. Si ulikiandika wewe mwenyewe?" Nyumba tatu nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa, na posho ya Sajini yote imeishia kule. Mchimba kisima huingia mwenyewe, jamani, na huyu aliingia na viatu vya kisigino.

Akarudi ndani. Yeye alikuwa anakaa mtaa wa walimu, vyumba viwili na sebule, hewa safi, kimya, dakika ishirini na tano kufika kambini. Nyumba hiyo aliipata baada ya miaka minne ya kuvizia, hakuwahi kumwonyesha mteja hata picha yake.

"Mtahamia kwangu leo hii," alisema. "Kule kwenye msumeno nitakaa mimi, mpaka mkataba uishe."

"Haiwezekani," Sajini alisema.

"Inawezekana sana," mama yake alidakia. "Aende. Akaonje alichotupikia."

Miezi miwili ya kwanza Sajini hakumsemesha. Akikutana naye njiani anapiga saluti kavu na kupita, na saluti ile ilimuuma kuliko matusi. Simu zote hakupokea. Bi Funguo aliamshwa na msumeno, alikula unga wa mbao, alikohoa mbele ya wateja. Usiku alimchukia Sajini, asubuhi alijichukia mwenyewe. Mtoto peke yake ndiye alikuja kumsalimia, na kila akija alikuwa na salamu za bibi: "Anauliza, umeshaonja?"

Mwezi wa tatu, Jumapili, alifungua mlango akamkuta Sajini na ndoo na kitambaa. Akaanza kufuta madirisha. Bi Funguo akachukua kitambaa kingine, akasimama upande wa pili wa kioo.

"Bado nina hasira," alisema Sajini.

"Na mimi ninayo. Nilikaa na gauni la manjano mbele ya wajomba, wewe!"

"Nilikaa ndani ya lori nalia mbele ya kikosi, wewe!"

Wakatazamana kupitia kioo. Nani alianza kucheka, mpaka leo wanabishana. Kuanzia hapo hakukosa Jumapili hata moja.

Miezi sita ilipokwisha, Bi Funguo alikwenda mtaa wa walimu na mkataba mpya wa nyumba nyingine, nzuri, aliyowatafutia kwa haki. Alikuta yule mama amekaa kwenye kiti chake, sebuleni kwake, miguu juu ya zulia lake, kifua kimetulia kabisa.

"Mama, nyumba yenu imepatikana. Nimekuja kuchukua yangu."

"Sitoki."

"Mama?"

"Nyumba hii nimeipenda. Hewa nzuri, majirani wazuri. Ukitaka kurudi humu, rudi kama mkwe. Vinginevyo, kazoee msumeno." Akamgeukia mwanawe aliyesimama mlangoni. "Au nimekosea?"

Bi Funguo akakaa kwenye mkono wa kochi, akakunja mikono, kwa mara ya kwanza akiwa na ushindi wote kiganjani mwake.

"Mama umesema," alisema. "Lakini yeye simsikii. Niliwahi kupata mchumba wa kimya, sitaki tena. Aseme mwenyewe, na aende akayaseme kwa shangazi, Jumamosi, wajomba wote wakiwepo. Nitamsubiri getini, nimesimama kwa miguu yangu. Akichelewa dakika moja, nampangisha kiwandani kwenyewe."

Jumamosi hiyo Sajini alifika kwa shangazi saa kumi na moja alfajiri. Wenye nyumba walimkuta amekaa kwenye ngazi na suti, anasinzia, na shangazi, aliyetoka kufagia, akamwambia kwa ukali akae hapo hapo mpaka saa sita, aone alivyosubiri mwenzake. Alikaa.