Deni Lililokula Ndagala

Kila asubuhi mitumbwi iliporudi, Félicité alinunua ndagala, dagaa wadogo wa Ziwa Tanganyika, na kuwaanika ufukweni katika mji wa Baraka. Aliwageuza kwa mikono yote miwili, polepole, wasivunjike. Jua likiwaka, jioni walikuwa tayari kwa soko. Mvua ikinyesha, walioza.

Msimu mmoja mvua iliozesha mzigo wake wote. Ili anunue tena, alikopa dola hamsini kwa Tania, muuza vitenge wa sokoni. Tania alichukua kadi ya mpiga kura ya Félicité, ile ambayo ndiyo kitambulisho chetu, akaitia kwenye mkoba wake.

"Itakaa kwangu mpaka tumalize," alisema.

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi Tania alikuja na beseni. Félicité alilijaza ndagala wakavu, wa dola kumi. Mwezi mwingine mtoto wake Divine na wadogo zake walikula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, ili beseni lijae. Hakuuliza deni limebaki kiasi gani. Kwao, kumuuliza mtu aliyekusaidia ni kama kumwambia humwamini. Alihesabu mwenyewe moyoni, akaona deni linakwisha.

Ndipo kaka yake mdogo, Anatole, alipopiga simu kutoka Misisi, anakochimba dhahabu na kuishi na mama yao.

"Yaya, dada yangu, mama haamuki tena kitandani. Iko anaita jina yako."

Njia ya Misisi ina vizuizi vingi, na kwenye kila kizuizi wanauliza kadi. Félicité alienda sokoni mbio.

"Yaya Tania, nipe kadi yangu. Mama iko mugonjwa."

"Pole, mama Divine. Leta dola hamsini, uichukue."

"Hamsini? Na mabeseni yote yale?"

"Yale yalikuwa faida ya mukopo. Zile hamsini zenyewe haujagusa."

Félicité aligeuka kurudi ufukweni. Njiani alikumbuka mzee mmoja anayekopesha watu wakimwachia simu zao kama dhamana. Akasema moyoni, nitakopa kwake, nimlipe Tania.

Mawingu yalikuwa yameshuka, na manyunyu yameanza. Alipofika ufukweni hakuona hata ndagala mmoja. Jirani yake Gentille alikuwa amewakusanya wote, akawaweka barazani kwake na kuwafunika kwa kitenge chake kizuri cha kanisani. Kitenge kilinuka samaki. Gentille alimvutia kigoda.

"Kaa," alisema. "Unaonekana kama mutu aliyepigwa."

Félicité akamweleza yote, hata habari za yule mzee wa simu. Gentille alichota ndagala, akafanya mafungu mawili, moja kubwa na moja dogo.

"Hili kubwa ni deni lenyewe. Hili dogo ni faida. Kila mwezi Tania alibeba dogo, na mwezi uliofuata dogo lingine likazaliwa. Kubwa likabaki vilevile. Ungelipa hivi mpaka uzeeke."

"Mi nilifikiri ninapunguza."

"Hata mi nilifikiri hivyo zamani, ndugu yangu. Na ukikopa kwa yule mzee, utakuwa na mafungu mangapi?"

Félicité aliyatazama yale mafungu. "Yaleyale mawili, ila dogo litaenda kwa mzee," alisema taratibu.

"Basi tusiende kwake. Twende kwa Tania, lakini tusiende wawili tu."

Walimchukua Isidore, shemasi wa kanisa lao, awe shahidi. Kwanza Félicité aliuza ndagala wote waliookolewa, akapata dola ishirini. Huko sokoni alimpa Tania pesa hizo mkononi, mbele ya wote.

"Hizi zinapunguza zile hamsini," alisema. "Si faida. Ninaomba faida isimame. Thelathini nitakulipa kidogo kidogo."

"Mi pia niko na batoto," Tania alimwambia Gentille. "Na kama nikitoa kadi, akatoroka?"

"Utanikuta mimi, nitalipa mimi," Gentille alisema. "Kwa huu mugongo wangu unaouma, nitatoroka wapi?"

Isidore alicheka kidogo. Tania alihesabu zile ishirini mara mbili. Kisha akafungua mkoba.

"Basi, faida isimame. Nenda umuone mama yako," alimwambia Félicité, akampa kadi.

Gentille na kina mama wenzake walikuwa na kikundi cha akiba, na kikundi kilikuwa na mfuko wa wagonjwa. Humo walitoa nauli ya pikipiki. Félicité alifika Misisi mwili mzima ukiwa na vumbi. Mama yake alikuwa bado anapumua.

"Umekawia, mwanangu."

"Nimekawia, mama."

Akamnywesha uji kwa kijiko, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Mama alipopata nguvu ya kukaa, Félicité alimleta Baraka.

Félicité aliingia katika kikundi. Alilipa zile thelathini bila kukopa kwingine, na kila alipolipa, Isidore alishuhudia. Siku hizi, mwenzake akitaka kukopa, humwambia aulize kwanza: deni lenyewe ni kiasi gani, faida ni kiasi gani, na litakwisha lini? Kuuliza si kukosa shukrani.

Asubuhi moja Tania alikuja tena ufukweni na beseni lake. Mama mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka, akigeuza ndagala polepole, wasivunjike. Félicité alipima, akajaza beseni, akaongeza kiganja kimoja juu. Tania akahesabu pesa, akamlipa, akaenda zake.

"Yule ni nani?" mama mzee aliuliza.

Félicité alifunga pesa kwenye pindo la kitenge.

"Ni mununuzi, mama."