Lebo Iliyokatika Katikati

Mkwe wangu hufungasha dawa ya kunguni nyumbani. Lebo huzichapa kwa kompyuta, na mwenye duka la mtaani ndiye muuzaji. Mimi kazi yangu ni kumlea mjukuu.

Asubuhi moja nilichoka kujikuna. Nikachukua chupa, nikasoma lebo polepole, maana kusoma kwangu ni kwa kupapasa. "Nyunyiza kitandani." Basi. Nikaingia chumbani, nikaielekeza chupa kitandani.

"Mama, mtoto yuko wapi?" mkwe aliuliza mlangoni.

"Si huyu hapa amelala. Punguza sauti."

Alininyang'anya chupa. Akamkwapua mtoto, akaketi naye sakafuni.

"Niliandika atolewe kwanza. Mama, niliandika."

"Soma mwenyewe."

Akasoma. Akageuza chupa, akasoma tena. Neno la mtoto halikuwepo.

"Na zilizoko dukani?" nikauliza.

Akapiga simu mbio. Heri yetu, mwenye duka alikuwa hajafungua kasha.

Tukamwita jirani, fundi wa kompyuta. Mtaani anaitwa Bi Waya. Akatazama mstari ambao mkwe aliandika:

Dawa ya kunguni,"Nyunyiza kitandani, ukishamtoa mtoto chumbani",Nusu lita

"Programu uliiambiaje?"

"Ikate kwenye kila mkato. Kipande cha pili ndicho lebo."

"Imetii, mwanangu. Imekata hata mkato ulio ndani ya maelezo. Kompyuta ni kisu, haijui nyama wala kidole."

Nikakumbuka kitu. "Lebo ina vijistari viwili mwanzoni. Mwishoni hamna. Nilidhani ni wino umechuruzika."

"Hiyo ni alama moja ya kunukuu, mama. Alama hizo huenda mbili mbili, kama viatu. Ukiona kimoja, jua kingine kimeachwa njiani."

Mkwe akajifuta uso. "Sasa nifanyeje?"

"Usikate. Tafuta." Bi Waya akaandika:

"([^"]*)"

"Hii ni ruwaza, yaani umbo la kitu tunachotafuta. Alama ya kwanza: anzia hapa. Mabano ya mraba: chukua herufi yoyote isiyo alama ya kunukuu, hata mkato. Nyota: endelea kuchukua. Alama ya mwisho: simama. Na mabano ya duara hubeba maneno ya ndani tu."

"Yote hayo ndani ya hilo dudu?" nikamuuliza. "Linafanana na mdudu aliyekanyagwa."

"Mkanyage, mama, lakini atakulindia mjukuu."

Mashine ikachapa. Mkwe hakuichukua lebo. Alinipa mimi. Nikaipapasa kwa kidole, neno kwa neno: "Nyunyiza kitandani, ukishamtoa mtoto chumbani."

Lebo zote za zamani zikabanduliwa. Tangu hapo hakuna kasha linalofungwa kabla sijasoma lebo kwa sauti.

Siku ile nilimbeba mjukuu hadi kwa Bi Waya. Ndipo mkwe akafunga madirisha, akajifunga kitambaa puani, akabaki na kunguni wake.

Jioni nilimpakata mtoto mpaka mkono ukafa ganzi. Sikumlaza.