Asiyesikia Dawa

Kabati la joto lilikohoa mchana kweupe, mpimaji akiwa peke yake maabara. Lilikohoa mara moja tu, kikohozi kikavu cha mtu anayejizuia asisumbue wenzake. Alifungua mlango wake akakuta anachokikuta kila siku: visahani vya ukungu vimepangwa kimoja juu ya kingine, vina joto la mwili wa mtu. Akajicheka. Njaa ina mambo yake, alijiambia, akafunga.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia usugu. Hospitali zilimletea makohozi ya wagonjwa walioingiwa na ukungu mapafuni. Yeye aliuotesha kwenye kisahani, akaweka katikati kijikaratasi chenye dawa, kisha akangoja. Ukungu unaosikia dawa huikimbia, ukaacha duara tupu kuzunguka kile kijikaratasi. Usiosikia husogea tu, bila haya. Mwaka hadi mwaka maduara yalizidi kuwa madogo, naye alionya mpaka akachoka, na wakubwa walimsifu kwa bidii yake.

Kisahani alichokuja kukitazama siku hiyo kilikuwa cha makohozi ya mumewe.

Mumewe alijulikana kwa jina la Bwana Maua, kwa kuwa alipulizia dawa katika mabanda ya nailoni kwenye shamba la maua. Mtu wa mizaha huyo. Alipenda kusema kwamba yeye na mkewe wana kazi moja, mmoja anaua ukungu wa waridi, mwingine wa watu. Na kweli, dawa zenyewe zilikuwa za ukoo mmoja. Mkewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini, na bado kila jioni alimpokea mlangoni akamkumbatia na ovaroli lake na vumbi lake lote. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wengi wetu tulidhani ni mafumbo.

Kisahani alichokitoa kabatini hakikuwa na duara. Ukungu wa rangi ya jivu ulikuwa umekipanda kijikaratasi na kukaa juu yake, mnene kuliko kwingine kote, kama mtu aliyeletewa kiti. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini ukungu huu haukuwa na dalili yoyote ya kufa. Mpimaji akainama kutazama vizuri, na harufu ya waridi ikampanda puani, nzito, ya maua yaliyosahaulika kwenye maji siku nyingi, na nyuma yake, ndani ya kabati, mumewe aliyelazwa wodini upande wa pili wa mji akakohoa tena, akakohoa, akavuta pumzi kwa mluzi mrefu, na visahani vyote vikaanza kugongana polepole, kimoja baada ya kingine, mpaka akashindwa kuvumilia akatoka mbio na koti lake la kazi mwilini.

Wodini alikuta mama mkwe ameshaamua. Alikuwa amemwingiza mganga saa ya kuona wagonjwa, akawaambia wauguzi kuwa ni mjomba, na ubani wake ameuficha chini ya machungwa. Siku nyingine mpimaji angebisha. Siku hiyo alivuta pazia mwenyewe.

Mganga aliweka kiganja kifuani pa mgonjwa, akanong'ona, "Wewe nani, na unataka nini? Sema upewe, uende zako."

Midomo ya Bwana Maua ilifunguka, ila sauti ilitoka chini ya kiganja, pana, yenye unyevu.

"Sitaki kitu. Nimeshapewa."

"Nani kakupa?"

"Huyu huyu. Kila asubuhi alinipulizia. Mwanzo niliungua. Ndugu zangu wakafa wote, nikabaki mmoja. Kwangu mimi ile dawa ikawa maziwa." Macho ya mgonjwa yakamgeukia mkewe. "Na wewe unawaambia watu sisikii dawa. Naisikia, bibi. Naisikia tamu."

Mganga aliondoa mkono akaufuta kwenye shati. Huko nje, kwenye korido, alimwambia mpimaji kwa sauti ya chini, "Jini mwenye haja tunapatana. Mwenye hasira tunambembeleza. Huyu, mwanangu, mmemlea wenyewe." Hakungoja hata kuagwa.

Ilibaki dawa moja, ya akiba, ambayo daktari haigusi mpaka maabara iseme. Mpimaji aliijaribu juu ya ukungu wa mumewe, na safari hii akakuta duara, pana, safi. Alilia kwa furaha. Kisha akaogopa, maana alielewa: wakimpa, yule aliyemo ndani ataionja dawa ya mwisho ya watu wote; wasipompa, mumewe hafiki kesho. Nani angekataa? Akasema apewe.

Homa ilishuka. Bwana Maua aliomba chai, akamtania mkewe kwamba koti lile linamfanya aonekane muuza nyama, na kwa siku chache mpimaji aliamini kabisa kwamba wameshinda. Halafu asubuhi moja akafa, kimya, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Baada ya maziko alirudi wodini kuchukua kandambili na kikombe cha marehemu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo dereva wa lori aliyevunjika mguu, mtu mzima wa afya, asiyejua shamba la maua liko wapi. Muuguzi alisema tangu jana anakohoa. Ukungu wa mapafu hauhami kutoka mtu hadi mtu. Mpimaji mwenyewe ndiye aliyewafundisha wauguzi hivyo. Akasimama pale na kikombe mkononi, pua imejaa waridi, mpaka dereva, ambaye hawajawahi kupeana naye hata salamu, akageuza kichwa polepole kwenye mto na kumtazama kwa mapenzi.

"Mke wangu," alisema, kwa sauti ya marehemu, "ile ya mwisho nimeimaliza. Leo umeniletea ipi?"