Homa Ndani ya Eda

Mwanamkasi alikuwa amekaa eda. Mumewe, Ishaka, alikuwa amefariki, na dini ilimtaka mjane akae nyumbani kwake, Mjambere, mpaka muda wake uishe. Watu wa matanga walikuwa wameshatawanyika. Asubuhi alifagia, akapika chai, akainywa peke yake. Upweke ulimuuma sana.

Kisha akashikwa na mafua makali. Homa, kikohozi, viungo vyote maumivu. Akajifukiza, lakini kifua kikazidi kumbana. Akifika jikoni tu, pumzi zinamwishia na moyo unamwenda mbio. Akajiambia ni huzuni. Binadamu hakosi la kujidanganya!

Jirani yake, Mishi, ambaye hupima damu katika maabara, alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, mama. Mbona watweta?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mafua tu."

"Na kifua?"

"Chanibana."

"Basi twende hospitali sasa hivi."

"Nami niko eda? Wallahi sitoki! Watu watasemaje?"

"Eda haimzuii mgonjwa kutibiwa, mama. Haya, mpigie imamu umuulize."

Akampigia. Imamu akamjibu, "Toka, mama. Uhai kwanza."

Njiani Mishi akamweleza. "Virusi vya mafua vyaweza kuudhuru moyo. Msuli wa moyo ukiumia, protini iitwayo troponini huvuja na kuingia kwenye damu. Ndiyo tunayoitafuta."

Hospitalini walimpima umeme wa moyo, wakamtoa damu. Majibu ya damu yakawa mazuri. Mwanamkasi akataka kurudi nyumbani.

"Subiri," Mishi akasema. "Troponini huchelewa kupanda. Lazima wapime tena baada ya saa chache."

Walipopima tena, ilikuwa imepanda.

"Moyo wako umeumia," daktari akamwambia. "Damu peke yake haituambii sababu. Tutakulaza, tukuchunguze zaidi."

Mwanamkasi akalia kwa hofu. Uchunguzi ukaonyesha ni virusi vya mafua. Akatibiwa, akakatazwa kazi nzito mpaka daktari amruhusu. Polepole akapona, akarudi kumalizia eda yake.

Eda ilipokwisha, akasikia kwamba rafiki yake, Mwanatatu wa Bombolulu, amefiwa na mume, tena ana homa. Akaenda kumtazama. Alimkuta kajilaza peke yake, anahema.

"Kifua je, mwenzangu?"

"Chaniuma. Lakini niko eda."

Mwanamkasi akalitungua buibui lililokuwa msumarini, akamvisha kwa mikono yake.

"Hata mimi nilikuwa eda," akasema. "Inuka twende."